Mswaki Niliomkataza Mzee Ombati

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa jino la mtu. Daktari Mkuu wa Meno katika hospitali moja ya mjini Kisii, bwana mrefu ambaye koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, alinionyesha kiti kando ya dirisha akaniambia kazi yangu siku hiyo ni kutazama na kunyamaza. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha afisa wa afya ya kinywa. Afisa wa aina yetu si daktari kamili. Tunang'oa meno, tunaziba matundu madogo, tunakwangua ukoga, tunafundisha shuleni. Wagonjwa hutuita daktari hata hivyo, na baada ya muda unaacha kuwasahihisha.

Kila aliyeketi kwenye kiti cha matibabu aliulizwa swali lile lile: kwa siku unapiga mswaki mara ngapi? Kila mmoja alijibu kwamba ni mara mbili. Daktari Mkuu hakubisha. Alimpa kidonge cha rangi atafune na kutema, halafu akamshikisha kioo. Rangi ile hushika kwenye utando, yaani uchafu laini wa vijidudu unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa hugeuka ukoga mgumu kama saruji, na hapo hakuna mswaki unaouweza. Mgonjwa alijitazama akaona wekundu umejaa kando ya ufizi, mahali pale pale alipoapa kwamba anasugua.

"Mgonjwa akikuambia amepiga mswaki, usibishane naye," Daktari Mkuu aliniambia jioni tukisafisha vyombo. "Mpe kioo. Kinywa ndicho kinachosema uongo, na ndicho kinachojiumbua."

Nililishika neno hilo kama fungu la Biblia la kukariri la shule ya Sabato. Na kusema kweli lilinitumikia vizuri kwa miaka mingi. Nilipohamishiwa Nyamira kuzunguka shule za msingi, niligundua kwamba watoto walilowesha miswaki yao bombani asubuhi ili ionekane imetumika. Nikawa nagusa nywele za mswaki kwa kidole na kunusa kama kuna harufu ya dawa ya meno. Niliwashuku wauza unga wa mkaa wa kusugulia meno. Niliwashuku wazee waliosema wanasugua kwa kijiti na kumbe kijiti kinakaa mdomoni kama mapambo. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la jumla karibu na soko la Kisii aliwahi kuniuliza kwa nini namshauri aweke miswaki yenye nywele laini wakati wateja wanataka ile migumu. Nilimjibu kwamba wateja wanasugua meno kama sufuria iliyoungua. Alicheka, lakini mara nyingine nilipopita pale miswaki laini ilikuwa imepangwa mbele.

Kituo changu cha tatu kilikuwa upande wa Itumbe, katikati ya mashamba ya majani chai. Hapo ndipo nilipokutana na mswaki wa umeme kwa mara ya kwanza, na tulikutana vibaya.

Alasiri moja nilikuwa natoka kununua ndizi nikaona watu wamekusanyika kwenye kituo cha kupimia majani chai. Bwana mmoja aliyevaa suti ya buluu alikuwa na kipaza sauti na meza iliyojaa maboksi meupe. Aliwaeleza wakulima kwamba mswaki wa kawaida umepitwa na wakati, kwamba huu wa umeme unaponya ufizi, unang'arisha meno na kung'oa ukoga wenyewe bila kwenda hospitali. Nilijua papo hapo kwamba anadanganya juu ya ukoga. Nikasimama nyuma nisikilize uongo wa pili utatoka lini. Haukukawia.

"Hata daktari wenu wa meno hapa anautumia," alisema. "Alinishukuru kwa mdomo wake mwenyewe."

Daktari wa meno wa pale nilikuwa mimi. Wanawake waliokuwa karibu nami waligeuka wakanitazama, nikiwa na kikapu changu cha ndizi mkononi. Sikupaza sauti. Nilisogea hadi mezani nikamwomba anionyeshe jina la kiwanda kilichotengeneza miswaki ile. Akanigeuzia boksi upande huu na upande ule, kisha akasema jina liko kwenye karatasi iliyobaki ofisini. Nilimuuliza nywele zikichakaa, kichwa kingine kitapatikana wapi, kwa kuwa mswaki wowote huchakaa baada ya miezi mitatu hivi. Alisema vitakuja. Nilipomwambia mimi ni nani, alianza kufunga maboksi yake kwa utaratibu sana, kama mtu aliyekumbuka ana mkutano mahali pengine.

Alikuwa ameshauza kadhaa. Mama mmoja mchuma majani chai, Mama Moraa, aliniazima wake nikauchunguze. Chini ya lenzi ya kituo niliona ncha za nywele zimekatwa butu kama waya. Mswaki mzuri, uwe wa umeme au wa mkono, nywele zake huwa laini na ncha zake huwa zimeviringwa ili zisichane ufizi. Niliandika ripoti. Afisa Tabibu aliyesimamia kituo aliisoma, akaipiga muhuri, akaituma juu, na huko juu ikapotea.

Niliporudisha mswaki ule nilimsihi Mama Moraa asiutumie. Lakini alikuwa ameshaununua, na kitu ukishakinunua ni vigumu kukitupa. Baada ya majuma kadhaa alirudi kwangu ameshika shavu. Ufizi wake ulikuwa umechubuka na kurudi nyuma, mizizi ya meno ikaonekana, maji baridi yakawa kama sindano. Nilimwambia anionyeshe alivyokuwa akisugua. Alisukuma mswaki mbele na nyuma kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea na ule wa kawaida, na papo hapo wenyewe ukitetemeka. Hakuna aliyemwambia kwamba mswaki wa umeme hausuguliwi. Unauweka tu kwenye jino karibu na ufizi, unauacha ufanye kazi, unahamia jino la pili.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anataja mswaki wa umeme, moyo wangu ulijifunga. Sikujali umetoka kiwanda gani wala umetengenezwa vipi. Niliiweka yote kwenye kapu moja na yule bwana wa suti ya buluu.

Hivyo ndivyo nilivyofika Tabaka, kituo changu kilichofuata, nikiwa tayari nimeshahukumu.

Nilipelekwa kwenye kituo kidogo cha afya upande huo, chini ya Muuguzi Msimamizi, mama mpole aliyeongea polepole na aliyejua ukoo wa kila mgonjwa. Huko watu wengi huishi kwa jiwe laini la kuchonga. Wanalichimba, wanalikata kwa msumeno, wanalichonga na kulilainisha kwa msasa ndani ya beseni la maji, na vinyago vinapakiwa kwenda mbali. Mzee Ombati alikuwa mmoja wa wachongaji wa zamani, na pia karani wa kanisa lake la Kikatoliki. Alikuja mara ya kwanza na daftari lake la hospitali la miaka mingi, kwa maana kwetu mgonjwa hununua daftari na kutembea nalo. Jina lake juu ya jalada lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri hata nikausifu.

Alikuwa na ufizi uliovimba na kutoka damu. Nilimuuliza swali la Daktari Mkuu, naye akanijibu jibu la wote. Nilimpa kidonge, nikampa kioo. Wekundu ulitapakaa kila mahali. Nilimkwangua ukoga, nikamwonyesha kwenye meno ya plastiki jinsi ya kuuelekeza mswaki kwenye mstari wa ufizi na kuuzungusha kwa mizunguko midogo midogo, dakika mbili asubuhi na dakika mbili usiku. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu.

Alirudi baada ya miezi mitatu akiwa vile vile. Safari hii alitoa kitu kilichofungwa kwa leso. Kilikuwa mswaki wa umeme. Alieleza kwamba binti yake Kemunto, anayefanya kazi Nairobi, amemletea, na kwamba tangu aanze kuutumia wiki mbili zilizopita anahisi kinywa kimepata nafuu kidogo. Alitaka kujua kama ni mzuri.

Ningeuchukua mswaki ule nikautia chini ya lenzi, ningeona tofauti. Nywele zake zilikuwa laini. Ulikuwa na taa ndogo iliyowaka ukiukandamiza kupita kiasi, na ulijizima wenyewe dakika mbili zikiisha. Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile niliuona tu kwa mbali, nikamwona Mama Moraa, nikamwona bwana wa suti ya buluu. Na nikawaza pia kwamba mzee huyu ni mvivu, hapigi mswaki, na sasa anatafuta mashine ya kumfanyia kazi.

"Tata," nilimwambia, kwa maana hivyo ndivyo tunavyowaita wanaume wa umri wa baba zetu, "huu weka kando. Utakuharibia ufizi. Rudi kwa ule wa kawaida, na safari hii usugue kweli."

"Mimi nasugua, daktari."

"Kioo kinasema hapana."

Aliufunga mswaki kwenye leso yake fundo kwa fundo, polepole sana, akaondoka. Muuguzi Msimamizi alikuwa mlangoni na alisikia. Aliniambia baadaye kwamba Ombati hajulikani kwa uongo pale kijijini. Nilimjibu kwamba kinywani kila mtu ni mwongo.

Mzee alirudi mwaka uliofuata na meno mawili ya mbele ya chini yakicheza. Mfupa unaoshika meno ulikuwa umeliwa na ugonjwa wa ufizi, na pale hapakuwa na la kuokoa. Ilibidi yang'olewe. Nilimwandalia fomu ya kukubali, nikampa kalamu. Akaomba wino aweke kidole gumba.

Hapo nikashuku tena. Mtu ambaye nilisifu mwandiko wake, karani wa kanisa, leo hajui kuandika jina lake? Nilidhani anakwepa kuweka sahihi ili baadaye aseme hakukubali. Nilichukua daftari lake nikamwonyesha jalada na kumuuliza, kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya, ni nani basi aliyeandika hapa.

"Ni mimi niliandika," alisema. "Hiyo wakati mkono ilikuwa bado inasikia."

Aliviweka viganja vyake juu ya meza. Sikuwahi kuvitazama. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimetazama kinywa chake tu. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, vifundo vimevimba, na alipojaribu kuvinyoosha vilikwenda nusu vikakwama. Miaka mingi ya msumeno, msasa na maji baridi. Nilimpa mswaki wa kawaida na kumwomba, kwa upole sasa, anionyeshe anavyosugua. Kumwambia mzee wa umri ule apige mswaki mbele yako si jambo dogo, na ndiyo sababu sikuwahi kumwomba. Aliukamata kwa ngumi nzima. Ulimzunguka mkononi. Ile mizunguko midogo midogo niliyomfundisha huhitaji kifundo cha mkono kinachogeuka na vidole vinavyotii, naye hakuwa na chochote kati ya hivyo. Alisukuma mkono wote kuanzia begani, na nywele za mswaki zikapita juu ya meno bila kufika kwenye ufizi hata kidogo.

Alikuwa amesugua. Asubuhi na usiku, kila siku, kama alivyoniambia.

Nilimuuliza kwa nini hakunieleza habari ya mikono.

"Mchongaji akisema mkono imekufa, nani ataleta kazi kwake?" alijibu. "Hata Kemunto hajui. Alileta hiyo ya umeme kwa sababu aliona tu mpya dukani. Mimi ndiye nilijua inanifaa. Halafu wewe ukakataa."

Niling'oa meno yale mawili siku hiyo. Ganzi ilifanya kazi vizuri na yeye hakusikia maumivu. Mimi ndiye niliyeumia.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kwa Muuguzi Msimamizi nikaenda nyumbani kwa Mzee Ombati. Mkewe alinikaribisha kwa chai, akaleta kile kifurushi cha leso kutoka kwenye sanduku la nguo za kanisani. Mswaki ulikuwa haujaguswa tangu nilipoukataza. Tuliuchaji kwa mchana mzima, na wakati tukingoja niliusoma kila upande nilivyopaswa kufanya mwanzo. Kisha nikamwomba mzee asugue upande wa kulia kwa mswaki wa kawaida na wa kushoto kwa wa umeme, na baada ya hapo nikampa kidonge cha rangi. Mkewe ndiye aliyeshika kioo. Upande wa kulia ulikuwa mwekundu kama siku ya kwanza. Wa kushoto ulikuwa na alama chache tu nyuma ya magego. Mpini wa ule wa umeme ulikuwa mnene, ngumi yake iliweza kuushika, na kichwa kilijizungusha chenyewe, yeye akawa na kazi ya kukihamisha tu kutoka jino hadi jino.

Nilimwomba msamaha mbele ya mkewe. Nilisema kwamba yeye alisema kweli mara tatu na mimi sikumwamini hata mara moja, na kwamba meno yale mawili yako juu yangu.

"Uliogopa nitaumia," mzee alisema. "Lakini daktari, ungeuliza tu."

Kabla sijaondoka alinikubalia jambo moja: kwamba Kemunto aambiwe habari ya mikono. Aliambiwa. Alilia kwenye simu, mama yake alinieleza, kisha akaanza kutuma vichwa vipya vya mswaki kabla vya zamani havijachakaa. Meno mengine ya mzee hayakucheza tena muda wote niliobaki Tabaka. Kuchonga aliacha. Siku hizi vijana wake humletea vinyago vilivyokwisha kulainishwa, naye huvipitisha shavuni, kwa sababu vidole havisikii, akawaambia ni wapi pamebaki mkwaruzo.

Kisa hiki kilinifikisha mbele ya Mratibu wa Afya ya Kinywa, aliyekuwa mkubwa wangu wa mwisho, kwenye mkutano wa maafisa mjini Kisii. Nilisimama nikakieleza chote, pamoja na kosa langu. Mratibu, bwana aliyependa majibu mafupi, aliuliza kama basi tuwashauri watu wote wanunue wa umeme. Nilimwambia hapana. Mwenye mkono mzima, akitumia mswaki wa kawaida wenye nywele laini, dawa ya meno yenye floraidi na dakika mbili za uvumilivu, atasafisha meno yake vizuri. Wa umeme humsaidia zaidi ambaye mkono wake umechoka au haumtii, au asiye na subira ya kujifunza mizunguko. Na kama mtu mwenye mikono migumu hana stima nyumbani ya kuuchaji, achukue kipande cha mpira wa baiskeli aufunge mpini wa mswaki wa kawaida hadi unenepe, au mtu wa nyumbani amsugulie. Mratibu aliandika jambo fulani kwenye karatasi yake. Sijui kama lilifika popote. Ripoti zangu hazikuwa na bahati.

Nimestaafu sasa, niko Gesima kwenye shamba langu la chai. Bado nashuku. Boksi lisilo na jina la kiwanda silikubali, tangazo linaloahidi kuponya ufizi silikubali, na mtu anayesema daktari fulani alimshukuru kwa mdomo wake mwenyewe, huyo nataka kumsikia akimaliza. Wala sisemi kwamba Daktari Mkuu wangu alinifundisha vibaya. Kioo kilisema kweli. Kilionyesha utando ulipobaki, na mimi ndiye niliyejiongezea kwamba kinaonyesha pia sababu ya kubaki kwake.

Juzi baada ya ibada jirani yangu mmoja, mwalimu anayekaribia kustaafu, alinisimamisha kwenye lango la kanisa. Kuna mtu amemtumia kwa simu picha za mswaki wa umeme na maneno mengi ya sifa, naye akataka nimwambie mara moja, anunue au asinunue? Nilimwambia kwanza aifunge ile simu. Halafu nikamwomba anipe mkono wake wa kulia, nikaushika pale pale langoni, nikakunja kidole kimoja baada ya kingine, watu wakipita wakidhani tunasalimiana.